Kiwanda Tulichokisugua kwa Ajili ya Picha

Nilikuwa nachambua sombe, majani ya mihogo, Trésor alipofungua kompyuta yake mezani kwa Mama na kusema kuna filamu ambayo lazima tuione. Trésor ni mdogo wangu. Anauza vifaa vya simu Butembo, na kila akija Kisangani hukosi kuonyeshwa kitu. Mara hii ilikuwa filamu kuhusu msanii mmoja wa ng'ambo ambaye maisha yake yote amepiga picha za viwanda, migodi na majalala. Nilimwuliza nani atapoteza mchana wake kuangalia majalala ya watu wengine wakati tunayo ya kwetu nyuma ya soko. Alisema, ngoja, yaya, maana ndivyo anavyoniita mimi dada yake, kiwanda cha Papa kimo. Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena. Mimi niliendelea kutenga majani na vijiti vyake.

Tulikuwa tumemzika Papa, baba yetu, msimu wa mvua uliotangulia. Watu waliokuja kutupa pole walisema nina moyo mgumu, kwa sababu sikulia kaburini wala kwenye matanga. Sikuwa na moyo mgumu. Sikuwa na kitu chochote. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unauona, unajua ni wako, lakini ukiufinya hausikii. Niliwapikia wageni, nikaosha sahani, nikarudi kazini kwenye duka la dawa, na kila aliyeniuliza habari nilimwambia nzuri. Sikuwa nadanganya. Hapakuwa na mbaya niliyoiona ndani yangu, wala nzuri.

Filamu ilianza na shimo la mgodi, kubwa kiasi kwamba malori yaliyokuwa chini hayakuonekana kutembea. Kisha milima ya vyuma chakavu, kisha mabwawa ya maji mekundu yasiyo na ndege. Vyote vilikuwa vizuri kwa namna ya kuudhi. Msanii mwenyewe alikuwa mzee, amevaa koti refu, anaongea polepole kwa Kiingereza, na maandishi ya Kifaransa yakipita chini. Kamera yake ilikuwa sanduku la mbao juu ya miguu mitatu. Alipoingiza kichwa chake chini ya kitambaa cheusi, vidole vyangu vilisimama kwenye majani. Nilimjua mtu yule. Nilimjua kwa mgongo wake, jinsi alivyopinda kabla ya kujifunika.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Kisangani hamhitaji kuelezwa sirène, ile honi ya kiwanda cha nguo. Ililia asubuhi na mji ukajipanga kwa sauti yake, hata wale ambao hawakuwa na ndugu kiwandani. Akina mama waliweka chai motoni kwa sirène, walimu walituchapa kwa kuchelewa kwa kipimo cha sirène. Sisi tuliishi kwenye kampu ya wafanyakazi, nyumba za matofali zilizofanana mno, hata wageni waliingia kwa jirani wakasalimia watu wasiowajua. Papa alikuwa fundi wa mashine za kufuma. Alirudi jioni na pamba kwenye nyusi na ndani ya masikio, na kazi yangu mimi, mtoto wa kwanza, ilikuwa kumtoa pamba hiyo kabla hajala. Alinuka mafuta ya mashine na ule wanga uliochemshwa wanaolowekea nyuzi ili zisikatike. Hata leo nikinusa uji ulioungua kidogo, mkono wangu unatafuta uso wa mtu.

Nyuma ya kampu ulipita mfereji uliotoa maji ya rangi kiwandani mpaka mtoni. Wiki moja yalipita ya buluu, wiki nyingine mekundu, au kijani cha majani ya ndizi, na sisi watoto tulijua vitenge vya Noeli vitakuwa vya rangi gani kabla wachuuzi hawajajua. Halafu siku moja maji yakaja hayana rangi. Tuliona mchanga wa chini. Tuliona samaki wadogo waliopanda kutoka mtoni. Tulishangilia, tukavua nguo, tukaogelea mpaka midomo ikatetemeka, na mimi nikakimbia nyumbani kumwambia Mama kwamba kiwanda kimetusafishia maji. Alikuwa ameketi mlangoni, mikono ameilaza mapajani. Hakunigombeza kwa kurudi nimelowa, nami nikadhani amefurahi kama sisi.

Pamba haikufika tena. Wengine walisema ni barabara, wengine vita, wengine wakubwa waliokwenda Kinshasa na kusahau njia ya kurudi. Papa aliendelea kwenda kiwandani kila asubuhi bila sirène. Alirudi hana pamba kwenye nyusi, nami nilikosa kazi kama yeye, lakini sikuona kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Chakula kilipungua polepole. Samaki ikawa dagaa, dagaa ikawa sombe tupu, na Mama akaanza kutuambia hana njaa.

Kaka yake Mama, Tonton Bosco, aliishi Yanonge, kule chini ya mto. Alivua, na alikuwa na pirogue, mtumbwi mrefu wa motor, iliyopandisha samaki na mihogo Kisangani na kushusha chumvi na sabuni. Kila alipofika alimwambia Papa neno lile lile: njooni wote Yanonge, shamba lipo, nyavu zipo, na bibi, ambaye sisi tulimwita Koko, anataka kuona wajukuu. Mama alitaka. Papa hakutaka. Nyumba ilikuwa ya kiwanda, na fundi akiondoka, nyumba imekwenda, na nafasi yake kwenye mashine imekwenda nayo. Walibishana kwa sauti ya chini, ile sauti ya wazazi inayomfanya mtoto aache kucheza. Nilielewa kwamba kuna kitu kinavutwa huku na huku, na kwamba nisipoangalia, kitu hicho kitakuwa mimi.

Basi katikati ya ubishi huo ndipo alipokuja yule mtu, mundele, kama tunavyowaita wazungu. Aliletwa kwa gari, ana karatasi ya ruhusa, ana masanduku, na ana chombo cha miguu mitatu. Mjini kwetu, mtu mwenye chombo cha miguu mitatu ni mtu wa kupima. Anapima barabara, anapima kiwanja, kisha kazi inaanza. Alizunguka ukumbi wa mashine siku nzima, polepole, bila kugusa kitu. Alimwuliza Papa kwa Kifaransa kilichovunjika mashine hii inafanya nini, na ile je. Hakupiga picha hata moja. Jioni alisema atarudi kesho kutwa asubuhi, kwa sababu ya mwanga. Papa aliwatafsiria wenzake hivyo hivyo, nao wakaelewa walichotaka kuelewa: mission ya wakaguzi imefika, na kesho kutwa itakagua mashine mchana kweupe. Kabla ya jua kuzama kampu nzima ilijua kwamba kiwanda kinaanza.

Siku iliyofuata tulifanya salongo. Msiokuwa wa kwetu, salongo ni kazi ya pamoja ya kusafisha, ya barabara au ya soko, na kwa kawaida watu huiendea kwa kuburuta miguu. Ile haikuwa hivyo. Hakuna aliyeitwa. Wanawake walipanga mstari kutoka kwenye bomba mpaka ukumbini, ndoo zikapita mkono kwa mkono. Wanaume walipanda juu ya mbao za paa kwa kamba na kufagia utando wa buibui na pamba chafu iliyoganda kama ukoko wa sufuria. Mafuta ya mashine yalikuwa yamekwisha zamani, basi kila nyumba ikatoa mawese ya kupikia, yale kidogo iliyobaki nayo, na mafundi wakapaka vyuma kwa mawese. Mama alitoa chupa yetu. Jioni hiyo tulikula mihogo mikavu, na hakuna mtu aliyenung'unika. Mimi nilipewa kitambaa na kuonyeshwa magurudumu ya chini, ambako mikono ya wakubwa haikufika, nikasugua mpaka nikaona pua yangu. Nilisugua kwa sababu zangu mwenyewe. Mashine zikianza, hakuna wa kwenda Yanonge.

Asubuhi mafundi walivaa bleu zao za kazi zilizopigwa pasi, kila mmoja akasimama pembeni ya mashine yake. Wanawake na watoto tulijaa nyuma, kwenye mlango wa stoo. Sakafu ilimeta, na ukumbi ulinuka sabuni na mawese. Yule mtu aliingia na masanduku yake, akasimama. Alisimama muda mrefu. Kisha akamwuliza Papa kitu kwa sauti ndogo, na Papa akatugeukia akitabasamu.

"Anauliza vumbi iko wapi."

Tulicheka wote, kicheko cha watu waliosifiwa. Mzee mmoja wa idara ya rangi akajibu kwa niaba yetu: "Umuambie tumeondosha yote. Hata ya kule yulu ya paa."

Papa alimwambia. Yule mtu alitikisa kichwa, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Halafu, kwa adabu nyingi, aliomba watu wote watoke. Mafundi waliangaliana. Walitoka mmoja mmoja kwa mpangilio, wakikwepa kukanyaga sehemu zilizokuwa hazijakauka. Mimi niliwafahamisha watoto wenzangu kwamba ndivyo inavyokwenda: kwanza wanakagua mashine, kesho wanakagua watu.

Sikuondoka mbali. Upande wa mfereji palikuwa na dirisha lililovunjika kioo kimoja, nikapanda kwenye tofali na kuchungulia. Nilimwona akiinama na kujifunika kile kitambaa cheusi. Mimi nilikuwa mtoto wa misa ya kila Jumapili, na mtu pekee niliyewahi kumwona akijifunika kitambaa mabegani ili kushika kitu mbele ya watu alikuwa padri, siku ya kubariki kwa Sakramenti. Kwa hiyo nilijua anafanya nini. Anabariki mashine ili ziamke. Nilipiga ishara ya msalaba pale dirishani. Alipotoka chini ya kitambaa alimwita Papa, ambaye alikuwa amebaki kumsaidia kubeba masanduku, wakasimama karibu na mashine ya kwanza. Yule mtu aliongea, akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa. Papa alisikiliza akiangalia chini. Kisha Papa akaitikia kwa kichwa, akatoa kitambaa mfukoni, akafuta mkono wa mashine ambao tayari ulikuwa safi. Nilikimbia kumwambia Mama kwamba wamepatana.

Kesho yake mafundi walivaa tena bleu zao na kusimama getini. Papa alisimama nao. Na kesho yake tena, wachache kidogo. Mtu hakurudi. Ndipo Tonton Bosco akafika na pirogue, na ubishi ukamalizwa kwa namna ambayo sikuitazamia: Papa na Mama wabaki kulinda nyumba na nafasi, Trésor abaki kwa sababu bado ananyonya, na mimi niende Yanonge, ambako samaki wapo, mpaka mambo yatengemae.

Papa alinipeleka mpaka ufukweni. Nilikuwa na miaka tisa, nina begi la kitambaa alilonishonea Mama. Nilikataa kupanda. Nilishika mkanda wa suruali yake kwa mikono yote miwili, na Tonton Bosco akageuza uso kwa heshima akajifanya anaangalia motor. Papa alichuchumaa mbele yangu. "Sikia," alisema. "Ule mundele ameenda kutafuta pièces, vile vyuma vipya vya mashine. Siku sirène italia, mie mwenyewe nitakuya kukutwaa." Nilimwuliza kama sirène inasikika Yanonge. Alisema mto unabeba sauti vizuri kuliko barabara. Nikaachia mkanda, nikapanda.

Yanonge haikuwa mbaya, na sitaki kuisingizia. Koko alinipenda bila maneno mengi. Nilijifunza kupara samaki, kufunga mihogo kwenye majani, kupiga kasia nikiwa nimesimama. Lakini kila alfajiri nilikwenda ufukweni kusikiliza. Watu wa pale walizoea kuniona wakadhani napenda maji. Siku moja honi kubwa ikalia upande wa juu, ndefu, inayopanda, nami sikungoja kitu. Nilirudi mbio, nikatia nguo zangu begini, nikamuaga Koko, nikasimama ufukweni na begi kichwani. Ilikuwa baleinière, boti kubwa ya mizigo, iliyokuwa ikishuka na mbao. Ilipita katikati ya mto bila kusimama. Koko alikuja akanichukua begi kichwani, akaenda nalo nyumbani, na nilipofika nguo zilikuwa zimesharudi kwenye kamba. Nadhani ni hapo nilipoacha. Simaanishi niliacha kwenda ufukweni, nilienda muda mrefu tu. Niliacha kuwa na kitu ndani kinachoruka.

Nilirudi Kisangani kusoma sekondari, msichana mkubwa mwenye maneno ya kimto, mgeni kwetu. Trésor alinificha uso. Papa alikuwa bado kwenye nyumba ile ile, sasa akitengeneza vyerehani vya watu kwenye baraza. Kampu ilikuwa imempa jina la utani, "Mission", kwa sababu kila aliposikia gari kubwa aliinua kichwa. Vijana wakipita walimsalimia, "Papa Mission, wamefika?" naye aliwajibu kwamba wako njiani, wamepata pannes za gari tu, na wote wakacheka, yeye zaidi ya wote.

Sikumkasirikia. Hilo ndilo nataka lieleweke. Miaka yangu na mzee yule ilijengwa juu ya jambo moja: kwamba alidanganyika. Alinipeleka akiamini kweli kwamba atakuja kunichukua. Mtu aliyedanganyika huwezi kumlaumu, unaweza kumhurumia tu, na mimi nilimhurumia vizuri sana. Nilimnunulia dawa, nilimletea sukari, nilimcheka pamoja na wengine. Hatukuzungumza hata siku moja kuhusu ufukwe ule. Kulikuwa na nini cha kuzungumza? Wote wawili tuliamini kitu kisichokuwepo.

Basi turudi mezani kwa Mama. Umeme ulikatika katikati ya filamu, lakini kompyuta ya Trésor ilikuwa na betri, na picha zikaendelea. Sasa ilionyeshwa nyumba kubwa ya maonyesho katika mji wa baridi, kuta nyeupe, watu wamevaa vizuri na glasi mkononi. Ukutani palikuwa na ukumbi wetu. Ulikuwa mkubwa kuliko nyumba yetu ya kampu. Mwanga ulishuka kutoka kwenye paa, sakafu inametameta, mashine zimepangwa mpaka mwisho wa macho, vyuma vyake vina wekundu kidogo ambao hakuna hata mmoja wa wale wenye glasi angeweza kujua ni wa nini. Hakukuwa na mtu hata mmoja. Mwanamke mmoja alisogea karibu kabisa na picha, akarudi nyuma, akasema kitu cha kusifu. Nilijiangalia kama nitasikia chochote. Hapana. Niliona tu kwamba magurudumu ya chini hayaonekani.

"Ni kwetu," alisema Mama.

Msanii alikuwa anaongea. Trésor alitusomea kwa sauti yale maandishi ya Kifaransa na kuyaweka kwa lugha yetu, sentensi moja moja. Mzee alisema alikuwa amekuja kutafuta vumbi. Alisema mara ya kwanza alipoingia, vumbi lile na pamba ile vilikuwa kitu ambacho angekipigia picha mwezi mzima, na aliporudi, watu walikuwa wameviosha. Alikasirika sana, alisema, na ilimchukua muda mrefu kuelewa kwamba hajawahi kupewa zawadi kubwa kuliko ile. Halafu akasema kuna jambo moja analolifikiria hadi leo. Watu wale walidhani yeye ni mtu wa kufungua kiwanda. Hakuwa na Kifaransa cha kutosha kuwaambia wote, basi alimwambia mmoja tu, fundi aliyemsaidia masanduku. Alimwambia, mimi sinunui, mimi sifungui, mimi napiga picha tu, naomba radhi. Fundi yule alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwomba kitu kimoja: aondoke bila kuwaambia wengine.

Trésor alisimamisha filamu. Uso wa yule mzee ulibaki mdomo wazi nusu. Mdogo wangu aliniangalia, akamwangalia Mama, akauliza kama fundi huyo ni Papa. Hakumbuki kitu, alikuwa anabebwa mgongoni. Nilikuwa napanga siku kichwani, naziweka mojamoja kwenye mstari: salongo, picha, kungoja getini, pirogue. Nilizipanga tena, na kila mara pirogue ilikuja mwisho.

Nilimwuliza Mama kama alijua.

Mama hakuharakisha. Alivuta beseni la sombe upande wake, akaanza kuchambua yale niliyoyaacha, kana kwamba mikono yake ilihitaji mahali pa kukaa. Alisimulia kwamba siku ile ya picha Papa alirudi, akaketi kitandani na viatu vyake, akamwambia yote. Alimwambia pia kwamba hawezi kuwaambia wenzake, wametoka kumwaga mawese yao ya mwisho kwenye chuma, acha wasimame getini siku mbili tatu na heshima yao. Na kwamba sasa mtoto lazima aende kwa Bosco, kwa sababu hakuna kinachokuja. Mama alitaka wafunge vitu waende wote. Papa alisema yeye hawezi kwenda kuwa mgeni wa shemeji, kwamba afadhali afe fundi. Kwa hilo walibishana, na Mama akashindwa.

"Nilimuambia, umuambie mutoto kweli," alisema. "Akaniambia, akijua hakuna kurudia, atapanda pirogue namna gani? Acha aende na kitu ku mukono."

"Na wewe?"

"Mie nilinyamaza."

Trésor aliangalia mikono yake. Nilikuwa nikimwona Papa amechuchumaa mbele yangu ufukweni, na kwa mara ya kwanza nilimwona kama mtu mzima anavyomwona mtu mzima mwenzake: mwanaume wa umri mdogo kuliko wangu wa leo, anayejua. Alijua alipotamka neno pièces. Alijua aliponiambia mto unabeba sauti. Na baadaye, miaka yote ya "Mission", aliponiona nacheka na wale vijana, alikuwa anajua pia, na aliniacha nimhurumie. Nilikuwa nimemsamehe miaka thelathini kwa kosa ambalo hakulifanya. Lile alilolifanya nilikuwa sijaligusa, na yeye alikuwa chini ya udongo.

Nilisema, kwa sauti niliyokuwa siijui, kwamba angeniambia. Kabla ya kufa, hospitalini, nilipokuwa namlisha. Angeniambia.

"Aliogopa," alisema Mama. "Alikuwa anakuogopa weye, tangu uliporudia. Ulikuwa unamuangalia muzuri sana."

Kisha aliweka beseni chini. Mama ni mwanamke wa mtoni, watu wa kwao hawashikanishikani ovyo, lakini aliinuka, akazunguka meza, akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu yangu kabisa, magoti yake yakagusa yangu.

"Yeye hayuko tena," alisema. "Unikasirikie mie. Mie niko."

Nilimwangalia. Ni mwanamke mzee, ana presha, na miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Kitu kilianza kunichoma kutoka miguuni, kama damu inavyorudi, na kiliuma, kiliuma vibaya, nami nikakiacha kije.

"Mama," nilisema, "nimekasirika. Nimekasirika sana."

"Eee," alinijibu. "Merci, mwanangu."